Chemshabongo Rahisi

Wenzake kazini walimwita Panda-Shuka, na hakulichukia jina hilo. Alikuwa fundi wa lifti tangu ndevu zake zilipoanza kuota, na mtu anayeshinda akipandishwa juu na kuteremshwa chini hana haki ya kulalamika akiitwa hivyo. Mkewe naye alilitumia siku wakikorofishana, na hapo tu ndipo lilipomchoma.

Hakuwa mtu wa kununua nguo wala manukato. Mtu akioa, akizaa, akifaulu mtihani au akipona, zawadi ya Panda-Shuka ilijulikana kabla haijafunguliwa: chemshabongo. Si zile za gazetini za kujaza herufi. Zake zilikuwa za kushikwa mkononi, vipande vya mbao vilivyokumbatiana visikubali kuachana, au vyuma viwili vilivyopitana ambavyo unaapa havikuwahi kuwa viwili. Ya kwanza aliitengeneza mwenyewe, kwa waya uliobaki alipokuwa akifunga mota, binti yake alipougua surua na kulia nyumba nzima ikakosa raha. Mtoto alinyamaza. Alikuwa amekunja uso, anageuza ule waya huku na huku, na baba mtu akasimama mlangoni akifurahi kama yeye ndiye aliyepewa zawadi.

Tangu hapo kila siku ya kuzaliwa ya binti huyo ilikuwa na chemshabongo yake. Alikua, akasomea unesi, akaolewa, na bado kila mwaka alipewa kitu cha kumpasua kichwa. Nyingine zilimchukua wiki. Alikuwa akimpigia baba yake simu katikati ya zamu, anasema neno moja tu, "Imefunguka," kisha anakata. Panda-Shuka alikuwa na masharti yake. Hakutoa chemshabongo ambayo hajaifungua na kuifunga tena kwa mikono yake, kwa sababu alisema kumpa mtu kitu usichokijua ni kumtega. Na hakutoa rahisi, kwa kuwa aliona huko ni kumwambia mtu kwa adabu kwamba ni mjinga. Mkwewe, dereva wa lori mwenye vicheko vingi, aliwahi kupewa moja akaifungua kwa nyundo. Hakupewa tena.

Sasa ukimwona mtu wa namna hiyo anaingia dukani kununua zawadi ya binti yake huku akiogopa, ujue kuna jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Kabla fundi hajashuka kwenye shimo la lifti, umeme huzimwa, na swichi hufungwa kwa kufuli ili asije mtu asiyejua akaiwasha. Kila fundi anatakiwa atundike kufuli lake. Lakini Panda-Shuka na mwenzake walikuwa wamefanya kazi pamoja muda mrefu mno, wakazoeana vibaya. Kila mara Panda-Shuka alifunga swichi kwa niaba ya wote wawili, kisha mwenzake, aliyemwita kaka ingawa hawakuwa ndugu, alishuka shimoni akipiga mluzi. Hakuwahi kuuliza kama swichi imefungwa. Angeulizaje?

Mwezi uliotangulia, katika hoteli moja ya ghorofa nyingi, Panda-Shuka alikuwa amesimama juu, anausikiliza mluzi wa mwenzake ukitoka chini, akatia mkono mfukoni kutafuta leso. Alichokishika ni kufuli. Alikimbia kwenye chumba cha mitambo akakuta swichi imezimwa ila iko wazi, haina kufuli, na mwanamke wa usafi kasimama karibu yake na ndoo, anaitazama. "Lifti imekufa, eti?" mwanamke akamuuliza. Panda-Shuka aliifunga swichi mbele yake, na kufuli likaingia mara ya tatu tu.

Hakumwambia mtu. Alijiambia ni uchovu, kisha akajiambia ni joto la siku ile, kisha akaacha kujiambia. Kaka yake mkubwa wa tumbo moja alianza hivyohivyo, kwa kusahau vitu vidogo, na alimaliza kwa kumuuliza mkewe wa ndoa yeye ni mgeni wa nani.

Duka lilikuwa juu ya ngazi nyembamba, kati ya fundi viatu na kinyozi. Mwenyewe alikuwa mama mmoja aliyetundika miwani shingoni kwa uzi, na alimruhusu mteja huyu peke yake kufungua maboksi atakavyo.

"Karibu, mzee wangu. Mwaka umeshafika?"

"Umefika, mama. Nionyeshe kilicho kigumu."

"Cha kumuua huyo binti au cha kumjeruhi?"

Hata hakucheka. Alishika mpira wa mbao, akaurudisha. Alishika msalaba wa vijiti, akaujua kwa kuutazama tu, akaurudisha nao. Mwisho akachukua kisanduku cha mbao nyekundu kisicho na kifuniko, wala bawaba, wala tundu la ufunguo. Kuta zake zilikuwa za vipande vinavyoteleza, kimoja kikimwachia kingine nafasi, na kwa ndani kitu kidogo kiligongagonga. Hapohapo dukani Panda-Shuka alijiwekea mtihani. Nikikifungua hiki, alisema moyoni, yale ya hotelini yalikuwa uchovu. Nisipokifungua... hakuimalizia sentensi hiyo. Alilipa, akashuka ngazi akiwa ameshika ukuta.

Jumamosi alijifungia chumbani. Kipande cha kwanza kiliteleza vizuri, cha pili kikafuata, akaanza kupata moyo. Kisha akakwama. Kukwama si tatizo, amekwama mara nyingi maishani na akafurahia. Kilichomtoa jasho ni kwamba hakujua alikotoka. Alisukuma kipande cha kushoto, akajiuliza: hiki si nimekisukuma sasa hivi? Akakirudisha. Akakisukuma tena. Alikuwa akisimama mbele ya mlango uleule, akiugonga upya kila mara kama hajawahi kuufikia.

"Umejifungia humo unafanya nini?" mkewe aliuliza kwa nje.

"Nafunga zawadi."

"Zawadi gani inafungwa kutwa nzima? Ya ng'ombe mzima?"

Alikitazama kisanduku mapajani mwake, akakiogopa. Mtu mzima na mvi zake anakiogopa kisanduku cha mbao. Usimcheke. Kama hujawahi kusubiri jibu la akili yako mwenyewe, nyamaza tu.

Jioni ileile alirudi dukani kabla halijafungwa, akakiweka kisanduku mezani. Mama alivaa miwani yake.

"Leo kimekushinda, mzee wangu?"

"Hakijanishinda. Binti ana kazi nyingi siku hizi, nataka kitu cha kumpumzisha."

Ulikuwa uongo usio na mguu hata mmoja, lakini mama alikuwa na adabu ya biashara. Alimtolea vyuma viwili vilivyopindwa mfano wa pembe na kupitanishwa, vya boksi la rangi ambalo nje limechorwa watoto wanacheka. Panda-Shuka alivigeuza, akavizungusha, vikaachana. Mbele ya macho yake, vikaachana. Na hapa ndipo alipokosea kuliko alivyokosea hotelini. Alifurahi. Alitoka pale mwepesi, akanunua na pipi za kutafuna njiani, akajiambia kwamba amefungua, basi mtihani amefaulu, basi Jumatatu atakwenda kazini kama kawaida. Alikuwa ameibadilisha karatasi ya mtihani kwa ile ya darasa la watoto na kujipa alama zote.

Jumapili mchana walikuwa wanne mezani: yeye, mkewe, binti na mkwe. Kulikuwa na desturi kwamba zawadi hufunguliwa kabla sahani hazijaguswa, na mwenye siku yake hujaribu mbele ya wote, ashindwe, achekwe, ndipo watu wale. Mkwe alikuwa tayari amejiandaa kumcheka mkewe.

Binti alichana karatasi, akavishika vyuma. Mikono yake haikuhangaika hata kidogo. Kabla mkwe hajamaliza kusogeza kiti, pembe moja ilikuwa mkono wa kulia na nyingine wa kushoto.

"Leo umemweza mzee!" mkwe alipiga makofi. "Haya, tule."

Binti hakucheka. Alivitazama vyuma, akalitazama boksi lenye watoto waliochorwa, kisha akamtazama baba yake. Panda-Shuka aliitazama sahani.

"Baba, ulivifungua mwenyewe?"

"Nilivifungua."

"Vilikuchukua muda gani?"

Aliuliza polepole, kwa sauti ile anayowauliza wagonjwa wapi panauma. Mama mtu aliacha kijiko hewani. Panda-Shuka alisema ni muda mdogo tu, akainuka kwenda kunawa mikono aliyokuwa ameshainawa.

Binti alimfuata nje, kwenye ngazi za nyuma ambako mama yake alianika matambara.

"Baba, hujawahi kunipa kitu rahisi. Hata nilipokuwa mgonjwa kitandani hukunionea huruma. Leo umenionea huruma ya nini?"

"Umekua, mama. Una majukumu."

"Usinizungushe."

Angeweza kuendelea kuzunguka. Alikuwa na uongo mwingine wa akiba. Lakini kesho yake ilikuwa Jumatatu, na kulikuwa na kazi ya kubadilisha nyaya katika jengo refu, na mwenzake angeteremka shimoni akipiga mluzi. Alimwona kabisa, na kisogo chake, na kofia aliyoivaa nyuma mbele. Akamweleza binti yake yote, kisanduku, duka, kufuli mfukoni, na mwanamke mwenye ndoo. Alieleza akitazama matambara.

Binti hakumwambia asijali. Alikuwa nesi, alijua maneno hayo yanafaa nini.

"Kesho nani anashuka?"

"Yeye."

"Nani anafunga swichi?"

Binti alitoa simu yake mfukoni, akamkabidhi.

"Mpigie."

"Nitamwambia kesho, uso kwa uso."

"Sasa hivi, baba. Kesho unaweza usikumbuke."

Lilikuwa neno zito. Panda-Shuka alibonyeza namba. Hiyo aliikumbuka yote, na alijishukuru. Mwenzake alipokea huku akitafuna, nyuma yake redio inaimba, akaitambua sauti mara aliposalimiwa.

"Kaka! Jumapili hii unanitafuta, kuna heri?"

"Nina neno la kukuambia, usinikatize," alisema Panda-Shuka. "Kuna siku ulishuka, na mimi sikufunga swichi."

Mwenzake aliacha kutafuna. Redio ilizimwa.

"Najua, kaka," alisema. "Nilirudi juu kuchukua spana nikaikuta wazi. Kufuli ulikuwa umeliacha dirishani. Nikafunga mwenyewe, nikashuka. Nikasema ni bahati mbaya ya siku moja, nani hajawahi kusahau? Ningekuambiaje, na wewe ndiye uliyenifundisha kufunga?"

Panda-Shuka alikunja uso.

"Dirishani? Hapana. Lilikuwa mfukoni mwangu. Na wewe hukurudi juu siku ile. Mimi ndiye niliyekimbia kufunga, kule hotelini."

"Hotelini?"

Sauti ya mwenzake ilishuka, ikawa ya mtu mwingine.

"Kaka, mimi naisemea siku ya kwenye ofisi za bima."

Panda-Shuka aliitafuta siku hiyo. Alilikumbuka jengo, alimkumbuka mlinzi wake, alikumbuka hata rangi ya milango ya lifti. Dirisha hakuliona. Kufuli hakuliona. Upande wa pili mwenzake alikuwa anapumua kwa nguvu, naye akihesabu mara zake zote alizowahi kushuka.

"Kesho usije, kaka," alisema hatimaye. Hakusema kwa hasira.

"Siji."

Alirudisha simu bila kuikata, akakaa kwenye ngazi. Ndani mkewe alikuwa anauliza kama chakula kipashwe moto au vipi.

"Mama," Panda-Shuka alimwambia binti yake, "naogopa."

"Najua, baba. Sogea nikae."