Msomaji Mwingine wa Kuikkaniemi

Alli Turpeinen alianza kuizunguka Ulaya mwaka aliofiwa na mumewe, na hakuondoka jikoni mwake. Alikuwa amekamua ng'ombe maisha yake yote. Sasa zizi lilikuwa tupu na jioni za Kuikkaniemi, kijiji chetu cha Ufini, zilikuwa ndefu, basi akajiwekea sharti: riwaya ya nchi moja ikiisha, inayofuata itoke nchi inayopakana nayo, kana kwamba anatembea kwa miguu. Alianzia Uswidi, akavuka daraja hadi Denmaki, akateremka Ujerumani na Ufaransa. Alipofika Ureno alikuta bahari, ikambidi arudi kwa njia ya Uhispania, na kitabu cha pili cha Uhispania hakikumpendeza hata kidogo.

Tabu haikuwa kusoma. Tabu ilikuwa kufunga kitabu, kuinua macho, na kukuta kiti cha pili mezani hakina mtu. Alijaribu kumsimulia dada yake, Kerttu, kile kitabu cha Ureno kwenye simu.

"Mtu anamenya chungwa kurasa arobaini?" Kerttu alishangaa. "Alli, huna kazi?"

"Si chungwa, Kerttu. Ni ndoa yake ile."

"Basi si angekula tu!"

Gari la maktaba huja kila baada ya wiki mbili na kusimama mbele ya shule iliyofungwa. Alli alikuwa ameshapita Austria, akingoja riwaya ya Hungaria.

"Kitabu bado kiko nje, bibi," alisema Mirka, msichana wa maktaba.

"Hao watu wa mjini hawarudishi vitabu?"

"Si wa mjini. Kimechukuliwa hapa hapa, kituo hiki."

Alli alishika rafu. "Hapa? Na nani?"

"Bibi, unajua siruhusiwi kusema."

Tangu siku hiyo Alli alipita mbele ya nyumba za kijiji akizitazama kwa jicho jipya. Ndani ya mojawapo alikuwamo msomaji mwingine, ambaye pengine alijua hata habari za lile chungwa. Tauno Hakkarainen, fundi mitambo mstaafu, Alli hakumfikiria kabisa. Alidhani anaazima magazeti ya uvuvi. Kwetu, mtu akiwamo ndani ya gari la maktaba, humwingilii. Kwa hiyo Tauno hungoja garini mwake, na Alli huharakisha ili asimcheleweshe. Wameheshimiana hivyo miaka mingi.

Siku moja ya baridi kali Alli alisahau glavu, akarudi kuichukua. Tauno alikuwa amesimama mbele ya Mirka, akirudisha riwaya ya Hungaria.

"Kumbe ni wewe," alisema Alli.

Tauno alikitazama kitabu, akamtazama yeye. "Kumbe ni wewe uliyekaa na kile cha Ureno mpaka masika!"

"Nilikuwa namenya chungwa."

Tauno alicheka kicheko kifupi, kama mtu anayekohoa. Kisha akavaa kofia na kutoka kabla Alli hajapata neno la kumkaribisha kahawa.

Kile cha Hungaria Alli alikisoma upesi kuliko vyote. Siku ya gari alioka mkate wa iliki, akajaza kahawa kwenye chupa, na alipokwisha kurudisha kitabu akakaa ndani makusudi. Gari la Tauno lilifika na kusimama. Mlango haukufunguliwa.

"Hatashuka mpaka utoke, bibi," alisema Mirka. "Si unatujua?"

Alli alitoka, akavuka theluji na kugonga kioo. Kiliteremka kidogo.

"Jirani, kile cha Hungaria. Yule daktari alipofunga mlango—"

"Ah-ah! Ishia hapo hapo!" Tauno aliinua mkono. "Sijakimaliza. Niliambiwa kuna mtu anakingoja, nikakirudisha. Nimekuja kukichukua tena."

Alli alimeza maneno yote aliyokuwa nayo. "Kipo. Nimekirudisha sasa hivi."

"Vizuri."

"Wewe husoma haraka?"

"Taratibu sana."

Alimpitishia mkate dirishani. Tauno aliupokea, akashukuru, akapandisha kioo. Alli alitembea kurudi nyumbani na chupa ya kahawa ikiwa imejaa, na yule daktari akiwa bado mbele ya mlango wake.

Riwaya ya Romania aliyoazima siku hiyo aliiweka mezani, mbele ya kiti cha pili. Hakuifungua. Hakutaka kuvuka mpaka kabla Tauno hajafika.