Miguu ya Kuku wa Mama Mkwe

Ndiyo, ni mimi niliyekuwa nikiweka vichwa vya samaki nyuma ya jiko. Nilikana mbele ya mume wangu, nikamficha mama mkwe kwenye simu, na jioni moja, Mungu anisamehe, nilikana huku nimeshika sahani yenyewe.

Nilikuwa na sababu, na ilikuwa sababu ya kisomi, yaani mbaya. Upande wetu huu wa Karavia, ukingoni mwa mji, ambako nyua zinaishia vichakani, paka anayepita usiku haitwi paka. Watu humwita kwa jina la jirani wanayemshuku uchawi. Mimi nimesoma chuo kikuu na nimeandika kurasa nyingi kuhusu imani za namna hiyo. Kwa hiyo nilipoona macho mawili yakiwaka chini ya mparachichi, sikukimbia wala sikupiga ishara ya msalaba. Niliyaletea chakula. Kila jioni, vichwa viwili vya wale samaki wa barafu tunaowaita tomsoni. Nilikuwa nikimthibitishia nani, peke yangu gizani, sijui hadi leo.

Shida ni kwamba tulikuwa pia na kuku, na kuku hao hawakuwa wetu. Mama mkwe anaishi Lukafu, analima mahindi na mihogo. Alituletea kuku sita na masharti yake: kuku ni wake, vifaranga tutagawana, na kuku akifa nimwekee miguu. Kwao ndivyo inavyokuwa. Anayefuga kuku wa mwingine huonyesha miguu ya aliyekufa, la sivyo anahesabiwa kwamba amemla.

"Ukishindwa," aliniambia akiwa tayari amepanda gari la kurudi, "nitabapeleka kwa muke ya mudogo yake."

Mke wa shemeji yangu anakaa Kenya, si nchi bali komini, mtaa wa hapa hapa mjini, katika vyumba viwili. Usiku kuku wake hulala jikoni chini ya meza, na hajawahi kupoteza hata yai. Shule ya sekondari hakuimaliza. Naona aibu kuandika kwamba nililikumbuka jambo hilo, lakini nililikumbuka mara moja.

Kuku wa kwanza alitoweka kabla ya mwezi kwisha. Nilikusanya manyoya yaliyobaki, nikayatia katika mfuko, nikapiga simu Lukafu.

"Miguu iko wapi?"

"Miguu hakuna, Mama. Manyoya njo iko."

"Manyoya, hata mupishi anaacha."

Nikaanza kujenga. Fundi alizungushia kibanda wavu wa waya wenye matundu makubwa kiasi cha kupitisha mkono wangu, jambo nililoligundua baada ya kuku wa pili. Tukaweka wavu mwingine wa matundu madogo. Nikanunua taa ya jua, maana nilisoma mahali kwamba wanyama wa usiku huogopa mwanga. Wa kwetu hakuogopa. Sasa aliona vizuri zaidi anachochagua. Nikatundika redio ndani ya kibanda ili sauti za watu zisikike usiku kucha, na kituo pekee kilichoshika kilikuwa cha mahubiri.

"Kuku bameokoka bote," alisema mume wangu, Mkatoliki wa ukoo wa wafanyakazi wa reli, aliyekuwa na siku tatu bila usingizi. "Njo maana banaenda mbinguni moja-moja."

Na kila jioni, nikishatia kufuli kwenye mlango wa kibanda, nilizunguka nyuma ya jiko na sahani yangu. Naomba msomaji avumilie. Nilifikiri kwamba paka akishiba atazoea kukaa karibu, na akikaa karibu atatufukuzia mwizi. Kuku walipobaki watatu, niliongeza kichwa cha tatu.

"Nani anatupa samaki huku?" mume wangu aliuliza, alipotokea ghafla penye kona.

"Pengine batoto ya jirani," nilisema. Hiyo ndiyo ile jioni ya sahani.

Walipobaki wawili, mume wangu alichukua kiti akakaa nje. Umeme ulikuwa umekatika, taa ya jua nayo ilikuwa imekufa kifo chake. Hata saa mbili haikufika, akaniita kwa sauti ya chini.

"Kuya uone paka yako."

Yako, alisema. Kumbe alijua zamani.

Aliwasha tochi ya simu. Mnyama alikuwa mrefu wa mwili na mwembamba wa miguu, tumbo limejaa, ana madoa ubavuni na mkia wenye pete nyeusi kutoka shinani hadi nchani. Alikula kichwa cha tomsoni bila haraka, kama mtu aliyealikwa. Alipomaliza alilamba midomo, akaupanda ukuta wa kibanda hadi pale paa linapoachana na matofali, pengo ambalo mimi na fundi hatukuliona kwa sababu tulikuwa tunatazama chini, akaanza kujipenyeza. Mume wangu akamrushia kandambili. Mnyama akaruka ukuta wa ua, akaenda zake.

Mume wangu hakunigombeza; angenigombeza ingekuwa afadhali.

"Kesho Mama atapiga simu kisha misa," alisema. "Utamuambia we mwenyewe."

Alipiga. Nilimweleza yote: vichwa vya samaki, macho chini ya mparachichi, hata habari za uchawi na usomi ambazo hakuziuliza.

"Ile nyama iko na pete ku mukia?"

"Ndiyo, Mama."

"Njo nsimba, ile mwizi ya kuku ya mu pori, haiko paka. Huku hata mutoto mudogo anaijua. Na ulikuwa unaikulisha kila siku?"

"Kila siku, Mama."

"Ilinona?"

Nililikumbuka lile tumbo. "Ilinona, Mama."

"Bon. Basi kufuga unajua." Akacheka hadi kikohozi kikamkatiza. "Miguu sitakuuliza tena. Najua haukubakula. Lakini ile kuku mbili iende Kenya leo, mbele ya jua kushuka."

"Leo hii, Mama? Pengo tutaliziba kesho asubuhi, fundi ameshasema."

"Leo, mwana wangu. Ile nsimba iko na njaa, na we uko na roho muzuri."