Kalamu Isiinuke

Nilikuwa na kiburi kimoja tu maishani, nacho ni mwandiko wangu. Kupika napika kama watu wengine, na kuimba niliambiwa mapema niwaachie wenzangu. Lakini ukinipa kalamu ya nibu, chupa ya wino na karatasi yenye mistari, hapo ulikuwa huniwezi. Karani mmoja wa posta mjini Nyeri aliwahi kuniuliza bahasha ile imeandikwa na mzungu gani. Nikamwambia mzungu mwenyewe ndiye aliyesimama mbele yake, tena anangoja stempu.

Mwandiko huo niliupata kwa rula. Mwalimu wetu alikuwa akipita nyuma ya madawati, na ole wako mkono uinuke katikati ya neno. "Kalamu isiinuke!" Neno linapanda, linazunguka, linashuka, na mkono hautoki kwenye karatasi mpaka herufi ya mwisho ikae. Ndipo unarudi nyuma kuweka nukta, na vile vikofia vinavyokaa juu ya i na u katika Kikuyu chetu. Nilipokuwa mwalimu mimi mwenyewe nilifundisha vivyo hivyo, ila bila rula. Karibu bila rula.

Niliacha ualimu baada ya miaka miwili, nikaolewa na karani wa bohari huko Kiganjo. Hapo ndipo nilipokosana na mama yangu. Alikuwa mjane, anaishi Kangema, na alikuwa amelima mashamba ya watu kwa miaka mingi ili mimi nisome. Siku nilipomwambia naacha kazi, alinitazama akasema, "Nilikusomesha ushike chaki, si ufue soksi za mwanamume." Nami, kwa sababu ulimi wangu haujawahi kunisubiri, nikamjibu kwamba mwenye soksi angalau ananipenda. Aliinuka akaenda kulisha mbuzi. Harusini hakuja.

Sikwenda kumwomba msamaha. Nilimwandikia barua. Niliandika kwa mwandiko wangu bora kabisa, nikijua kwamba mama anasoma, maana kanisani kwao ndiye aliyekuwa akisimama kusoma Neno, na hata wazee walimheshimu kwa hilo. Hakujibu. Nikaandika alipozaliwa mtoto wa kwanza, nikaandika alipozaliwa wa pili. Hakujibu. Kila barua iliyofuata ilikuwa na maneno makali kuliko iliyotangulia, mpaka nikaandika moja ambayo hata mume wangu sikumwonyesha, nikaipeleka posta mwenyewe, kisha nikaacha kuandika kabisa.

Watoto wetu walikuwa wasichana wawili, wamepishana mwaka mmoja, na wote walirithi mikono mifupi ya baba yao. Miaka ile ya mwanzo ya uhuru watoto wengi hawakuwa na karatasi za kuzaliwa. Ukitaka kuingia darasa la kwanza unapitisha mkono juu ya kichwa, na ukigusa sikio la upande wa pili, basi umekomaa. Nilimpeleka mkubwa. Vidole vyake vilikomea juu kidogo ya sikio. Nikamwambia ainamishe kichwa, mwalimu mkuu akacheka, akaniambia nimrudishe mwakani. Mwaka uliofuata niliwapeleka wote wawili. Mkubwa aligusa sikio, lakini darasa lilikuwa limejaa. Mdogo hata nywele za upande wa pili hakuzifikia. Nilirudi nyumbani nimewashika mikono hiyo mifupi, nimekasirika kiasi kwamba nilisahau kununua chumvi, na nikaamua kwamba watasoma, wapende wasipende, jikoni kwangu.

Mlango wa stoo ndio uliokuwa ubao wetu. Nilivunja betri kuukuu za redio, nikasaga ule mkaa wa ndani, nikachanganya na maji ya majani, nikaupaka mlango mara tatu ukawa mweusi tititi. Tulikuwa tukianza asubuhi mume wangu akishaondoka. Kiganjo mwezi wa saba ni baridi ya kuuma, ukungu unakaa mpaka saa nne, kwa hiyo kwanza walipasha vidole juu ya jiko, kisha wakaketi. Kusoma walijua upesi, kwa herufi za kuachana, zile za vitabuni. Kazi ilikuwa kuunganisha.

Nilikuwa na wimbo wangu wa kufundishia: panda, zunguka, shuka, mpe jirani mkono. Kila herufi ilikuwa na jirani, na haikuruhusiwa kumpita bila kumsalimia. Mkubwa alilielewa jambo hilo haraka. Baada ya miezi mitatu mistari yake ilikuwa imelala vizuri upande mmoja, kama majani yaliyopigwa na upepo. Mdogo alikuwa vita. Huyu ndiye aliyepewa jina la mama yangu, kama ilivyo desturi yetu kwa binti wa pili, na kwa desturi hiyo hiyo mimi nilimwita mama. Hebu fikiria, unagombana kutwa na mtoto unayemwita mama.

"Mama, mbona umeinua kalamu?"

"Mkono yangu imechoka."

"Neno halijaisha."

"Hii neno ni refu sana. Ati wewe huchoki?"

Herufi zake zilisimama wimawima, kila moja kivyake, hazitaki kuguswa. Nikimwekea mkono wangu juu ya wake tuandike pamoja, anakuwa mgumu kama kuni. Nilimwambia maneno ambayo leo nayaonea haya. Nilimwambia watu wasiojua kuunganisha huishia kutia sahihi kwa dole gumba kama vibarua. Alinitazama tu kwa macho ya mama yangu.

Hata hivyo alijifunza, polepole, na kwa njia yake. Kwa kuwa mkono wake haukutaka, jicho lake ndilo lililojifunza. Alikuwa akisoma chochote nilichoandika mlangoni, hata nikiandika haraka, hata nikiwa na hasira na mstari umeinama. Mwandiko wa kuunganisha aliojua ulikuwa mmoja tu duniani, wangu, na huo aliujua wote. Sikulitilia maanani hilo. Mimi nilikuwa natafuta mkono.

Siku moja akaniuliza yule cucu, yaani nyanya, ambaye yeye ana jina lake anakaa wapi. Nikamjibu Kangema, nikaendelea kuchambua maharagwe. Jioni nikamkuta ameandika barua kwa penseli, herufi kubwakubwa za kuachana, kwa Kikuyu: "Cucu. Watu wanasema mimi ni wewe. Kuja nikuone."

Ningeweza kulia. Badala yake nikatafuta kosa. Nikamwambia barua haitumwi namna hii, cucu yake ni mtu wa kusoma, ataona nimelea mbuzi. Nikamkalisha ainakili kwa wino, kwa kuunganisha. Aliandika mara nne. Mara ya nne wino ulimwagika, akaweka kichwa mezani akalia mpaka akapata kwikwi, nami nikatoka nje kuanua nguo kwa sababu sikuamini mikono yangu. Nilivyofikiri mimi, barua ile ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho. Ikimfikia mama ikiwa nzuri, ataona kwamba sikuutupa usomi alionipa, na pengine moyo utalegea. Ikimfikia ikiwa mbaya, basi tena.

Niliporudi ndani barua haikuwepo. Mume wangu alikuwa ameichukua ile ya penseli, akaitia kwenye bahasha.

"Hiyo ni ya aibu," nikamwambia.

"Mtoto amesema kile anataka kusema," akanijibu. "Wewe uko na shida gani na hiyo?"

Sikuzungumza naye siku mbili. Yeye alizifurahia.

Wiki ya tatu tangu barua ile iende posta, saa za mchana, mama yangu aliingia uani kwangu na kikapu mgongoni, amefunga kitambaa cha kanisani. Alikuwa amekonda. Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi nisijue niuweke wapi. Hakunisalimia kwanza. Alimtazama mdogo aliyekuwa amekaa kwenye kizingiti, akamuuliza, "Wewe ndiye mimi?"

"Ni mimi," mtoto akasema.

Nikampa chai. Alikunywa yote, kisha akatoa kikapuni furushi la kitambaa na kulifungua juu ya meza ya masomo. Zilikuwa barua zangu, zote kumi na nne, zimefunguliwa kwa uangalifu na kukunjwa tena kama nilivyozikunja mimi. Yaliyosemwa yalisemwa kwa lugha yetu, nami nayaweka hapa kwa Kiswahili.

"Nisomee," akasema.

Nikadhani ananitania. "Si wewe huwa unasoma, mama?"

"Nasoma vitabu. Nilifundishwa herufi zilizosimama, zile za kusomea ubatizo. Hizi zako zimeshikana. Nimezitazama mpaka macho yakauma, sijui neno linaanzia wapi."

"Mbona hukumpa mtu akusomee?"

"Nimpe nani? Mzee wa kanisa ndiye aliyekuwa akiniletea. Kila mara aliuliza kama anisomee, nami nikamwambia nina macho yangu." Akanyoosha kona ya barua moja kwa kidole gumba. "Halafu sikujua kama ni za kunisalimia ama za kunitukana. Ukijua mnagombana na mtu, utampelekea jirani akusomee matusi yako? Hii ya mtoto wako ndiyo ya kwanza niliyoielewa. Imeniambia nije, nimekuja."

Miaka yote ile nilikuwa nikimwandikia mama yangu ili aone uzuri wa mkono wangu. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Nikaanza kusoma. Za mwanzo zilikuwa rahisi: salamu, mvua, mtoto amezaliwa, mtoto ameota meno. Mama alisikiliza ameinamisha kichwa, na penye jina lake alitabasamu. Mdogo alikuja akaegemea meza karibu nami, kidevu kwenye mkono wangu. Za katikati niliposoma sauti yangu ilipungua, maana nilikuwa nimeanza kulalamika. Mama hakunizuia. Alisema tu "enhe", kama mtu anayekubali kosa lake.

Kisha ikabaki moja, ile ya mwisho. Niliifungua, nikaona mstari wa kwanza, nikajua siwezi. Nikakohoa. Nikasoma: "Mama, natumaini u mzima. Sisi huku hatujambo. Mvua imenyesha vizuri na mahindi—"

"Mama," mdogo akasema, "hapo hakuna mahindi."

"Nyamaza."

"Lakini haijaandikwa hivyo. Hata mvua haiko."

Mama yangu akainua kichwa. "Imeandikwa nini?"

Nilitaka kuikunja. Mama akaichukua mkononi mwangu bila kunitazama, akaiweka mbele ya mtoto. Naye, maskini, alikuwa ameombwa kusoma na mgeni, na nyumbani kwetu ukiombwa kusoma unasoma. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akakisukuma polepole bila kukiinua, kama nilivyomfundisha:

"Naona nilizaliwa na mtu asiye na moyo. Hii ndiyo barua yangu ya mwisho kwako. Watoto wangu wakiuliza nyanya yao yuko wapi, nitawaambia alikufa."

Alifika mwisho, akaangalia juu. "Cucu, wewe hukukufa."

"Sikufa," mama akasema.

Nililia, wala sikujificha. Mama alikaa na ile barua magotini kwa muda mrefu, akipitisha kidole juu ya mistari yangu iliyoshikana. Hatimaye akaniuliza, "Huyu amefundishwa na nani kusoma hivi?"

"Na mimi."

"Shule gani?"

"Hapa. Kwenye mlango wa stoo."

Aliugeukia mlango ule mweusi, ambao bado ulikuwa na maandishi ya asubuhi. Akautazama vizuri, juu hadi chini. "Kumbe chaki hukuiacha," akasema, kisha akaomba chai nyingine.

Usiku ule alilala na wasichana. Asubuhi, akiwa bado anaongea nao kitandani, nilichukua daftari la mdogo na penseli yake, nikaandika barua ya kumi na tano. Niliandika herufi za kusimama, kubwa, kila moja peke yake. Mkono wangu haukuwa na mazoea hayo, ulikuwa unataka kukimbilia herufi inayofuata, nami nauzuia. Zilitoka mbaya, zimepinda. Wakati wa chai nikamwekea mama karatasi ile karibu na kikombe chake, nikarudi jikoni upesi, nikitaka aisome kimya kimya nisimwone.

Nilisahau jambo moja. Mama yangu alifundishwa kusoma kanisani, na kusoma kimya hakujui. Alisimama, akashika karatasi kwa mikono miwili mbele ya kifua, na mbele ya mume wangu na wasichana wawili akasoma kwa sauti ile ya Jumapili, neno kwa neno: "Mama. Nilikosa. Nilikuwa na kiburi. Nisamehe. Ni mimi mtoto wako."

Alipomaliza akasema amina, kwa mazoea. Watoto wakaitikia.