Mdomo wa Sabhagi Wapewa Alama Mbili

Hakiman Soomro alikuwa na miaka kumi na moja katika kazi ya kuwafuatilia waliofanyiwa upasuaji, na miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kuandika alama ya kumi. Midomo iliyopasuka tangu kuzaliwa aliiona imeshonwa ikakaa, na vidole vilivyogandana kwa moto vikashika tena sindano. Lakini uliza vijiji vyote vya wilaya ya Dadu, kuanzia moja hadi kumi umeridhika kiasi gani, utaambiwa mbili. Wakikupenda sana, tatu. Nani atasifu cha kwake hadharani, hasidi asikie?

Yeye mwenyewe alimwita mwanawe wa kwanza Kunguru, asije akahusudiwa, mpaka akaota ndevu, kwa hiyo hakuwa na wa kumcheka. Daktari wa zamani alilijua hilo, na mbili ya Dadu aliisoma nane. Akastaafu. Akaja kijana aliyelelewa Karachi, akamwambia Hakiman aandike maneno ya wagonjwa kama yalivyo, asitie chumvi yake. Hakiman kwa hasira akaandika hivyohivyo. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Jumatatu orodha ya watakaorudiwa upasuaji ilitoka. Sabhagi, miaka tisa, mama katoa mbili, mdomo urudiwe Alhamisi.

"Daktari, mdomo ule ni mzima," Hakiman alisema.

"Kwenye picha hata mimi nauona mzuri. Lakini anayeishi nao ni yeye. Mama kasema mbili."

"Mama kadanganya."

"Basi niletee ukweli kwa kinywa chake. La sivyo Alhamisi nakata."

Ndiyo maana Jumanne, jua likichoma, Hakiman alirushwarushwa kwenye riksho hadi kijijini kwa Zulekhan, mama yake Sabhagi, huku akiwalaani wote wawili, daktari na mama. Alimkuta Zulekhan anapika mikate ya unga wa mchele. Sabhagi alikuwa pembeni, kapakwa doa la wanja mweusi la kukinga kijicho, juu ya kovu lenyewe, kama nzi katua mdomoni.

"Umerudi, dada Hakiman," Zulekhan alisema. "Tazama walivyomharibu. Ule wa mwanzo ulikuwa afadhali."

"Ule wa mwanzo maziwa yalikuwa yanamtokea puani!"

"Ndiyo, lakini huu umepinda."

"Umepinda wapi? Nionyeshe."

Zulekhan akautazama mdomo wa bintiye, akatafuta, asipate pa kuonyesha. "Umepinda tu," akasema, akageuza mkate.

Hakiman akaitoa fomu, akaitikisa mbele yake. "Nisikilize, mama. Alhamisi wanamkata tena mtoto huyu kwa sababu ya hiyo mbili yako. Sema umeridhika, yaishe."

"Nimsifu kwa mdomo wangu? Shemeji yangu yuko hapo nyuma ya ukuta, tasa, macho kama makaa. Wakikata, ni amri ya Mungu."

"Mungu hajatia sahihi fomu hii. Umetia wewe, kwa dole gumba!"

Zulekhan akainamia mikate yake. Ungedhani kaombwa amtukane mzazi wake. Hakiman alikuwa na kiu, mgongo ulimuuma, na alikuwa amechoka na watu wa kwao, mwenyewe akiwemo. Fomu ilikuwa na kisanduku cha mtoto pia, ambacho hakuna aliyewahi kukijaza. Akamgeukia Sabhagi, kwa kukosa la kufanya tu.

"Na wewe, mwanangu? Mdomo wako unaupa ngapi?"

"Moja," Sabhagi akasema papo hapo.

"Mbona moja?"

"Mama kasema mbili, na mama ananipenda. Asiyenipenda atasema moja. Mimi huwa sijitazami. Kioo nimekigeuza ukutani."

Mkate ukaungua. Zulekhan hakuutoa. Alimvuta bintiye, akaufuta ule wanja kwa ncha ya shela yake, akisugua mpaka mtoto akalalamika. Kovu lilikuwa jembamba kama uzi. Akachukua pilipili kavu saba, dawa ya kijicho, akamzungushia kichwani mara saba, akazitupa motoni, wote wakaanza kupiga chafya.

"Andika kumi," akasema, kwa sauti ya kusikika hata nyuma ya ukuta. "Mwanangu ni mzuri. Nilimwona ni mzuri siku ile ile walipomtoa bandeji, nikaogopa kumwambia."

Hakiman akaandika, macho yakimtoka machozi, ya pilipili na ya mengine. Alikuwa bado na hasira. Akaishusha kalamu kwenye kisanduku cha mtoto.

"Haya, Sabhagi. Umesikia mwenyewe. Nawe nikuandikie kumi?"

Sabhagi akamtazama mama yake, kisha fomu.

"Andika tatu," akasema. "Mama hajawahi kusema hivyo. Nataka kwanza nimsikie kesho pia."