Rafiki wa Kigego

Nilikuwa bado mtoto mdogo, huko milimani Upareni, bibi alipoanza kunikanya: nisimwambie mtu kwamba meno yangu ya juu ndiyo yaliyotangulia kuota. Mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego. Watu waliamini huwaua walio karibu naye, na zamani, alisema bibi, hakuachwa aishi. Mimi mama alinificha ndani mpaka ya chini nayo yakatoka.

Wakati wa Ujamaa tulihamishiwa kijiji kipya huku tambarare, chini ya Gonja. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Tulikuwa wasichana watano wa kwenda shule pamoja na kuteka maji mferejini pamoja. Kisha shangazi wa mwenzetu Nanzia akashuka kuwatembelea kwao. Alikuwa jirani yetu kule mlimani, na siri ya meno yangu aliijua. Alinitambua, akasema yote.

Kesho yake mferejini nilichota maji kwa kata, nikanywa. Nanzia akarudi nyuma.

"Umeitia mkosi hiyo kata. Nani atainywea tena?"

Wengine wakatazama chini. Nakundwa, niliyekaa naye dawati moja, akanipokonya kata na kuyamaliza maji yaliyobaki.

"Twendeni," akasema, "tumechelewa."

Tangu siku hiyo tukawa wawili tu, shuleni na hata kwenye shamba la kijiji.

Masika yakaja, Nakundwa akashikwa na homa. Zahanati ilikuwa mbali, na njia imejaa maji. Walimbeba kwa machela, lakini hakufika.

Nilipoingia msibani wanawake walisogea mbali nami. Mama yake hakunitazama. "Nenda kwenu, mwanangu," akasema. Nyimbo za maziko nilizisikia nikiwa nyuma ya nyumba yetu. Mpaka namaliza shule, hakuna aliyekaa tena nami dawati moja.

Nilikuwa mtu mzima, mwenye watoto, nilipopata ujasiri wa kwenda kumwamkia yule mama. Aliitikia marahaba, akanipa kiti.

"Siku ile mliyogombana na Nanzia mferejini, mwanangu alirudi analia," akasema. "Akaniuliza, 'Mama, nitakufa?' Nikamwambia ndiyo, ukiendelea naye utakufa. Alilia mpaka usingizi ukamchukua. Asubuhi nikamwona anabeba ndoo, anakupitia."

Homa ile ilikuwa ya mbu; hilo nalijua, na wanangu nimewaambia. Ila miaka yote nilidhani Nakundwa alikuwa akiyacheka mambo ya kigego, ndiyo maana haikumwia vigumu kuwa nami. Kumbe aliyaamini kama wenzake. Kila asubuhi aliponiita mlangoni kwetu, alijua anakuja kufa.