Kampi, Mbwa wa Shamba la Bibi

Mwezi uliopita alifika mgeni kutoka Maputo kwenye nyumba ya wageni ninayofanyia kazi hapa Pemba, huu mji wa bara, si kile kisiwa, amekuja na mbwa wake wa kahawia, amenona kama ndama. Nilikuwa nimebeba mashuka. Mbwa akanisogelea, na mimi bila kuwaza nikapitisha vidole chini ya sikio lake, pale wanapopapenda. Mwenzangu wa usafi akaachia ndoo. "Dada, wewe mtoto wa Kiislamu, umejifunzia wapi kushika mbwa hivyo?" Nikamwambia, shambani kwa bibi. Akadhani namtania, tukaendelea kutandika vitanda. Wewe nitakueleza, maana najua una subira kuliko yeye.

Nililelewa na bibi mzaa mama, katika kijiji cha rasini, kusini ya Palma. Mama alikuwa ameolewa Mtwara na akija huko kwetu alikuja na kanga na kurudi na machozi. Tulibaki wawili, mimi na bibi, na nyumba ya miti na udongo, na shamba la mpunga na mihogo. Asubuhi ilianza kwa kinu. Mchana ulikuwa wali wa nazi na pweza, ikiwa jirani yetu amebahatika mwambani. Kama hakubahatika, kisamvu. Bibi aliniita mke mwenzake, kama bibi wote wanavyowaita wajukuu wao wa kike, na kila nilipounguza wali alisema marehemu mume wetu angeniacha siku hiyo hiyo.

Nilikuwa na miaka tisa gesi ilipoanza kuzungumzwa. Ilisemwa ipo chini ya bahari, mbali, nyingi mno. Sisi watoto gesi tuliyoijua ni ile ya kwenye soda. Watu wa kupima ardhi wakaja wakapiga mahema ng'ambo ya shamba letu, kambi yao sisi tukaiita kampi, wakawasha jenereta iliyonguruma kutwa, na walikuwa na mbwa wa manjano mwenye pua nyeusi. Mpishi wao alikuwa akivuta sigara kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ukimkuna mbwa shingoni. Tulimtazama kwa mbali tukaambiana, yule haswali.

Siku moja wakang'oa mahema, wakapakia magari, wakaondoka. Kina mama walikimbilia chupa za plastiki na mbao zilizoachwa. Ilikuwa kama sikukuu. Mbwa yeye alibaki amekaa mahali lilipokuwa jiko. Shefe, mkubwa wa kijiji, alisema watarudi kumchukua. Hawakurudi. Wavulana wakawa wanamrushia mawe, anasogea kidogo, wakiondoka anarudi kukaa palepale.

Mwaka ule nguruwe pori walitutesa. Walikwisha kula mihogo ya mpaka wa juu, na mpunga ulikuwa unaanza kubeba. Bibi hakuwa na mwanamume wa kulinda, na shamba likiliwa tungekula nini, mpaka msimu mwingine? Akaenda kumuuliza mwalimu wa chuo, aliyenifundisha Kurani. Mwalimu akamwambia kwamba mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba ameruhusiwa, lakini nyumbani asiingie. Bibi akarudi akanipa kifuu cha nazi kilichojaa ukoko na vichwa vya dagaa. "Mke mwenzangu, kamlete yule mbwa wa kampi. Alinde shamba. Uani kwangu asipite."

Kumleta! Kusema ni rahisi. Nilikwenda kila siku baada ya chuo. Nikaweka kifuu, nikarudi nyuma hatua ishirini. Alikula. Siku zilizofuata nikarudi nyuma hatua kumi, halafu tano, halafu nikawa nakaa chini karibu naye. Alikula, akalamba kifuu hadi kikang'aa, na nikiinuka kuondoka ananitazama tu, hafuati. Nilimwita kwa majina yote ya mbwa niliyoyasikia shuleni: Bobi, Tigre, Leão. Wapi. Mwishowe nikamwita Kampi, sikio moja likainuka. Mpunga ulikuwa unazidi kubeba na bibi kila jioni ananiuliza, "Kaja?" Nikisema bado, anashusha pumzi na kuchukua bati lake kwenda kuligonga shambani, peke yake, mguu ukimuuma.

Ilipita karibu mwezi. Alasiri moja ya jua kali niliweka kifuu, asikiguse chakula. Alinijia, akanyoosha shingo mbele yangu, akabaki hivyohivyo. Sikuelewa. Nikasukuma kifuu, hakutazama. Ndipo nikamkumbuka mpishi na mkono wake wa pili. Kumbe hakuwa na njaa wala woga. Mwezi mzima alikuwa anangoja kushikwa, na sisi ni watu tusioshika mbwa. Nikatazama huku na huku kama mwizi. Nikamgusa chini ya sikio. Akafumba macho, akaniegemezea uzito wote wa kichwa chake. Nakiri kwamba nilifurahi kuliko siku ya Idi. Nilipoinuka alinifuata mpaka shambani, akazunguka mpaka wote akinusa, kisha akalala chini ya dungu la bibi, lile jukwaa letu la kulindia, kana kwamba lilijengwa kwa ajili yake.

Sasa nikawa na siri. Nilijua mkono ulioguswa na najisi ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, basi kila alasiri nilijificha nyuma ya nyumba nikasugua mkono kwa mchanga na kuhesabu maji saba. Na kisima chetu hakikuwa karibu. Bibi aliona mtungi unakauka. Akaniweka kitako.

"Mke mwenzangu, maji yanakwenda wapi?"

Nikamwambia yote, nikingoja kofi.

"Mkono wako ulikuwa na maji?"

"La, Bibi. Mkavu."

"Na mbwa? Mate yake yamekugusa?"

"La, Bibi. Alikuwa mkavu, juani."

Bibi alicheka akashika kinu asianguke. "Kikavu kwa kikavu hakina udhia, mwana we! Mwalimu kawasomesheni hilo, wewe ulikuwa umelala. Umenimalizia maji yangu bure!" Akaenda akawahadithia majirani wote, na kwa muda mrefu nikipita na ndoo waliniuliza kama leo ni mara saba au nane.

Tulikaa na Kampi miaka mitano. Mpunga haukuguswa tena. Alfajiri nilisikia mbweko wake kabla ya adhana, na nilijua kwa mbweko kama ni tumbili, nguruwe, au mtu. Kwa watu wengine wote alibaki na hatua zake kumi. Hata mpwa wa bibi aliyempelekea samaki, Kampi hakumsogelea. Bibi aliapa kwamba hazungumzi na mbwa. Lakini niliwahi kumkuta juu ya dungu akichambua mchele na kumweleza, kwa kirefu, habari za mguu wake.

Halafu ikaja kazi ya kuhamishwa. Pale gesi ingeletwa nchi kavu palikuwa petu. Walikuja vijana wa ofisi na karatasi, wakaandika minazi, mikorosho, vyumba, makaburi. Tukapewa nyumba za saruji, kwa safu, zote sura moja, na bomba karibu. Nisiseme uongo, bomba lilinifurahisha. Shamba likabaki ndani ya uzio. Tukaambiwa mashamba mengine yatakuja, yanatafutwa. Bibi akawa anakaa kibarazani mikono mitupu, anakunja na kukunjua pembe ya kanga.

Kampi alikuja nasi kwa miguu nyuma ya lori. Lakini kule nyumba zimebanana. Siku ya tatu alichovya pua kwenye ndoo ya jirani, mama mwenye swala zake, ikabidi ndoo ioshwe mara saba kweli. Jirani hakugomba. Alisema tu kwa upole, "Mama, mbwa huyu wa nini?" Usiku bibi hakula.

Asubuhi aliniambia. "Mbwa wa shamba huyu, mke mwenzangu. Shamba lenyewe liko wapi? Nikimweka nimemweka kwa lipi?" Nikamwambia mashamba yanakuja. "Yakija yatamkuta," alisema, na alijua kama nilivyojua mimi kwamba halikuwa jibu. Akatuma salamu kwa mkulima mmoja wa Pundanhar aliyekuwa akituletea asali, Mmakonde, mwenye mpunga na nguruwe pori wa kumtosha mbwa. Huko kuna shamba, alisema bibi. Huko atakuwa halali.

Mkulima akaja na baiskeli na kamba. Kampi alipoiona kamba alikimbia. Hakwenda mbali: alikwenda kukaa kwenye uzio, ameelekea lilipokuwa shamba letu. Mkulima akamwendea, mbwa akasogea hatua kumi. Mkulima akarudi kwetu anafuta jasho. "Mama, huyu simpati mimi. Labda binti." Bibi hakunitazama. "Kamwite wewe," alisema.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilikwenda na kamba nimeificha nyuma ya mgongo. Nikamwita mara moja tu. Akainuka, akaja akinyoosha shingo, nikamkuna chini ya sikio kwa mkono wa kushoto, na kwa ule wa kulia nikamfunga. Hakuvuta. Alikwenda kando ya baiskeli akigeuka geuka kunitazama mpaka walipopinda, kama anayeuliza mbona hatuendi sote. Mimi nikarudi nikatwanga. Sikulia, na watu walinisifu.

Bibi alifariki bila kupata shamba. Baadaye vita vilitutawanya, na nasikia Pundanhar nako watu walikimbia, waliacha hata vyungu vikiwa motoni. Sijauliza habari za mkulima. Dungu, kisima, njia ya mwambani, vyote viko nyuma ya uzio au havipo, na mtu akinitajia nasikiliza kama habari za kijiji cha mwingine. Ni hivyo siku hizi, sihisi sana. Kitu kimoja tu hakijafa ganzi. Wale wa kampi walipakia mizigo wakaenda zao, hawakumwambia mbwa kitu. Mimi nilimwita jina, naye akaja.