Siku Mkono Wangu Uliponunua Jogoo

Mimi ni fundi cherehani hapa Kikatiti, na mkasi umenilisha miaka mingi kabla haujaanza kunidai. Ilianza kwa dole gumba na vidole viwili vya jirani yake kufa ganzi. Dawa niliyoijua ni moja tu: kuukung'uta mkono kama mtu anayefukuza nyuki. Sikumwambia yeyote. Kwaya ya usharika wetu ilikuwa inatafuta fundi wa sare mpya, na nani atampa kitambaa fundi ambaye vidole vyake havisikii sindano?

Jumapili moja baada ya ibada tulitoka nje kwenye mnada wa sadaka. Ndivyo tulivyozoea: wengine hutoa mayai, ndizi au kuku, na mzee wa kanisa huvinadi pale pale uwanjani. Alipoinua jogoo mwekundu, mkono wangu ukaanza kuchomachoma, nikaukung'uta. Mzee akanishukuru na kutangaza kwamba fundi amepandisha dau.

Ningesema nini? Nikitaja ganzi, sare zimekwenda. Nikatabasamu kama mwenye hamu ya supu. Upande wa pili mwenyekiti wa kwaya, mama wa makamo anayefuga ng'ombe wa maziwa, naye akapunga mkono. Wangu ukachoma tena. Nikakung'uta, naye akapunga. Waumini wakapiga makofi, wakadhani tumepaniana. Nilimchukia yule mama kwa uroho wake, na jogoo nilimchukia zaidi.

Mwishowe akawa wangu. Nikakabidhiwa, nikamshika miguu kwa mkono wa kulia. Vidole vilimwachia bila kunitaarifu, akatimkia kwenye migomba ya mchungaji.

Mwenyekiti akanifuata. Nilimpa shikamoo, lakini badala ya kuitikia aliushika mkono wangu, akabonyeza chini ya kiganja. Nikaruka.

"Unakufa ganzi huu," alisema.

Nikakiri, huku nikiziaga sare moyoni. Akanyoosha mkono wake mwenyewe, akaukung'uta vile vile.

"Wangu umeharibiwa na kukamua. Mwanangu, huyo jogoo mimi sikumtaka. Nilidhani wewe ndiye unanikomoa."

Tulicheka hadi tukashikana mabega. Sare alinipa, kwa sharti kwamba mkasi aushike mtu mwingine na kesho yake twende wote hospitali. Jogoo tulimwachia mchungaji, maana kati yetu wawili hakukuwa na mkono wa kumkamata.